Ukubwa wa Faili Si Ushahidi

Wiki tatu zimepita bila kuandika lolote hapa, na sababu ni faili moja. Faili yenyewe ilikuwa na ukubwa sahihi kabisa. Upande wa Garissa baiti 3,318,402,117, upande wa Nairobi baiti 3,318,402,117. Skripti yangu ikaziangalia namba hizo mbili, ikaona zinafanana, ikaandika SAWA kwenye daftari lake, kisha ikaifuta nakala ya Garissa. Nakala iliyobaki Nairobi, zaidi ya nusu yake ilikuwa sifuri tupu.

Nitaeleza kwanza ilivyotokea, halafu nitagombana na watu.

Kuna shirika moja (silitaji jina) linalosaidia kulipia watoto karo katika kaunti hii. Maafisa wake huzunguka Balambala, Fafi, Ijara na kwingineko, wanarudi na fomu za karatasi, fomu zinapigwa skani ofisini hapa mjini, na kila Alhamisi usiku picha zote zinafungwa kuwa furushi moja la tar lililobanwa kwa gzip. Seva ya Nairobi inalivuta furushi hilo usiku huohuo, mtandao ukiwa na heri. Diski ya Garissa ni ndogo, kwa hiyo furushi likishafika salama Nairobi, la hapa linafutwa kupisha la wiki inayofuata. Hilo neno "salama" ndilo lililoniponza. Hakuna aliyewahi kuniuliza salama maana yake nini, nami sikujiuliza.

Sasa, mwenzangu wa Nairobi alikuwa amechoka na kasi ndogo akaweka programu nyingine ya kupakua, ya aina ile inayofungua miunganisho kadhaa kwa pamoja. Programu nyingi za aina hiyo hutenga nafasi yote kwenye diski kabla baiti ya kwanza haijafika. Si ujinga. Vipande vinakuja bila mpangilio, kila kimoja kinaandikwa mahali pake, na ni bora kujua mapema kama diski haitatosha. Lakini maana yake ni kwamba faili inakuwa na ukubwa wake kamili tangu sekunde ya kwanza, hata kama ndani hamna kitu. Usiku huo mtandao wa huku ukakatika katikati. Programu ikajaribu, ikajaribu tena, ikakata tamaa. Alfajiri ikaamka skripti yangu ya zamani, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikaita `wget -c` ili imalizie kilichobaki. Wget ikaangalia ukubwa wa faili iliyopo, ikauliza seva ukubwa wa faili iliyoko kule, ikaona ni mamoja, ikajibu kwa Kiingereza chake kwamba faili imeshapakuliwa yote, hakuna la kufanya. Kisha skripti ikalinganisha tena kwa `stat -c %s`, maana mimi ni mtu mwangalifu sana. Ikaridhika. Ikafuta.

Jumatatu karani wa rekodi akanipigia simu.

"Injinia, faili iko, lakini haifunguki."

"Mama, hebu jaribu tena. Naiona hapa, ni gigabaiti tatu na ushee."

Jibu hilo linaniuma mpaka leo. Mtu ananiambia faili haifunguki, nami namjibu kwa ukubwa wake!

Fomu nyingi zilipatikana tena kwenye maboksi zikapigwa skani upya, kazi ya siku tano. Za upande wa Hulugho hazikupatikana. Karatasi zake zilikuwa zimesharudishwa, na kabla hazijakusanywa tena tarehe ya mwisho ikapita. Kuna watoto ambao muhula huo hawakulipiwa. Siwajui kwa majina, kwa kuwa majina yao yalikuwa ndani ya zile sifuri.

Nilipowasimulia wenzangu wa fani, nusu walisema kosa ni la wget, na nusu wakasema ile ni hali nadra, bahati mbaya, tusonge mbele. Nawapinga wote.

Wget haina kosa. Kitabu chake cha maelezo kinasema waziwazi kwamba ukitumia `-c` kwenye faili yenye ukubwa sawa na ile ya seva, itakataa kuipakua. Haikusema "nimeikagua". Mimi ndiye niliyeigeuza "ukubwa ni sawa" kuwa "yaliyomo ni sawa", kisha nikaikabidhi skripti ruhusa ya kufuta. Na mimi siko peke yangu. Fungua skripti yoyote ya nakala za akiba iliyoandikwa na mtu wa rika langu, utakuta mchezo uleule: linganisha ukubwa, sema sawa, futa. Au ule mwingine unaonikera zaidi, `[ -s faili ]`, unaouliza tu kama ukubwa unazidi sifuri. Kwamba faili haiko tupu, basi ni nzima. Ungemnunua ng'ombe hivyo? Soko la mifugo la Garissa ni kati ya makubwa ya Afrika Mashariki, na sijamwona hata siku moja mnunuzi akilipa kwa kuwa dalali kamwambia mnyama ana kilo kadhaa. Anamzunguka, anamfungua mdomo, anaangalia meno.

Tatizo limeanzia darasani. Katika somo la mifumo ya uendeshaji tulifundishwa kwamba ukitaka ukubwa wa faili unaita stat, unasoma `st_size`, umemaliza. Ilikuwa alama mbili kwenye mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba hata viwango vya POSIX vinaahidi maana ya namba hiyo kwa aina chache tu za faili: faili za kawaida ni idadi ya baiti, viungo vya ishara ni urefu wa njia iliyoandikwa ndani yake, na kadhalika kidogo. Kwa aina nyinginezo hakuna ahadi. Mfumo unaweza kukupa namba yoyote, na unakupa kweli.

Kama una Linux karibu, jaribu sasa hivi:

$ stat -c %s /proc/cpuinfo
0
$ stat -c %s /sys/class/net/lo/mtu
4096
$ cat /sys/class/net/lo/mtu | wc -c
6

Ya kwanza inasema faili haina kitu, na ukiisoma kwa `cat` inakumwagia maelezo yote ya prosesa yako. Ya pili inasema ina baiti 4096, ukiisoma unapata 65536 na mwisho wa mstari, baiti sita. Halafu kuna `/proc/kcore`, ambayo kwenye mashine ya kawaida ya x86-64 inajitangaza kuwa na terabaiti 128 hivi. Kompyuta yangu ina diski ya gigabaiti 256. Nimewahi kuona skripti ya kukadiria nafasi ya akiba iliyojumlisha kila faili chini ya `/`, ikamwomba mwenye ofisi anunue diski ambazo hazingeenea kwenye chumba.

Utasema hizo si faili za kweli, ni kerneli inajifanya. Sawa. Chukua faili ya kweli basi:

$ truncate -s 10G tupu.img
$ stat -c %s tupu.img
10737418240
$ du tupu.img
0	tupu.img

Hiyo ni faili ya kawaida kabisa, kwenye diski ya kawaida. Ls inasema gigabaiti kumi, du inasema sifuri, na hakuna anayesema uongo. Zinajibu maswali tofauti. Kuna urefu unaotangazwa (`st_size`). Kuna nafasi iliyoshikwa kwenye diski (`st_blocks`, ambayo kwenye Linux inahesabiwa kwa vipande vya baiti 512). Kuna baiti unazoweza kuzisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na kuna cha nne ambacho hakuna amri inayokijua, yaani baiti zilizokusudiwa ziwe humo. Mimi nilikuwa nataka cha nne, nikauliza cha kwanza.

Tukishafika hapo, kanuni si ngumu. Ukubwa usipolingana, una ushahidi: faili hizi mbili si moja, simama. Ukubwa ukilingana huna chochote, ila sababu ya kuendelea kukagua. Namba hiyo inafaa kukataa. Haifai kukubali. Programu inayoitumia kukataa iko salama na ni ya haraka. Programu inayoitumia kukubali, halafu ikachukua hatua isiyorudi nyuma, kama kufuta, kuandika juu, au kuruka kazi milele, imecheza kamari kwa mali ya mtu mwingine.

Sidai `ls` isome kila faili kabla ya kuorodhesha. Ls iko pale kusoma lebo. Nadai tu kwamba sisi tunaoandika zana tuseme wazi lini tunasoma lebo na lini tumehesabu.

Kuna waliofanya hivyo, na inafaa kuwasifu. Angalia `wc -c` ya GNU. Njia ya mkato ni kusoma `st_size` na kuichapa, na kwa faili nyingi ingetosha. Lakini waandishi wake walishakutana na /proc na /sys. Ukubwa ukiwa sifuri hawauamini, wanasoma. Ukigawanyika sawasawa kwa ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu, kama ile 4096, wanaushuku. Na kwa faili kubwa wanaruka hadi karibu na mwisho, kisha wanasoma kipande cha mwisho wenyewe badala ya kuamini mwisho uliotangazwa. Mistari michache tu ya kodi, lakini unaona kwamba aliyeiandika alishaumwa.

Au gzip. Mfumo wake wa faili, ulioandikwa rasmi kama RFC 1952 mwezi Mei 1996, unaweka ukubwa wa data asilia katika baiti nne za mwisho. Baiti nne haziwezi kuvuka gigabaiti nne, kwa hiyo kinachowekwa ni kile kinachobaki baada ya kuondoa nne nne. Data ya gigabaiti tano inaandikwa kama moja. Kwa miaka mingi `gzip -l` ilisoma baiti hizo nne na kukuchapia bila haya. Toleo 1.12, la Aprili 2022, lilibadilisha hilo: sasa `gzip -l` inaifungua data yote, inahesabu, ndipo inajibu. Imekuwa ya polepole sana na wapo walionung'unika. Mimi namnunulia chai aliyefanya uamuzi huo siku akifika Garissa. Miaka yote ile ilikuwa inatoa jibu la papo hapo, na kwa faili kubwa jibu lilikuwa la uongo.

Rsync nayo inaeleweka vibaya. Wengi huniambia, mbona rsync inaruka faili zenye ukubwa na tarehe zilezile, na inaaminika dunia nzima? Inaaminika kwa sababu ya kazi inayoifanya kabla ya hapo. Inapopokea faili huiandika kwa jina la muda, inakagua yaliyomo yote, ndipo inaibadilisha jina. Faili ikiwa na jina lake halisi, ni kwa kuwa ilimalizika. Ukubwa una maana kwa sababu kuna aliyeulinda. Ukiweka `--inplace` umejivua ulinzi huo, na ukiingiza programu nyingine kwenye saraka ileile, kama tulivyofanya sisi, umeuvunja kabisa.

Halafu kuna vipimo vyenyewe. Sokoni hapa, kama kwingine Kenya, maharagwe yanapimwa kwa gorogoro, na mama yeyote anayejua soko hulipindua kopo kwanza aone kama kitako kimegongwa kikaingia ndani. Kwenye kompyuta hatupindui kopo. Diski ya gigabaiti 500 kwa hesabu ya muuzaji ni 465 kwa hesabu ya mfumo, kwa sababu mmoja anahesabu kwa elfu na mwingine kwa 1024. Tume ya IEC ilitoa majina tofauti kwa vipimo hivyo viwili tangu 1998, na mpaka leo kila mtu anaandika GB akiwa na maana anayoijua mwenyewe. `ls -lh` nayo hukadiria kwenda juu: faili ya baiti 1025 inaonyeshwa kama 1.1K. `df` ya GNU inahesabu kwa vipande vya 1024, lakini ukiweka POSIXLY_CORRECT kwenye mazingira yako inahesabu kwa 512, na diski yako inakuwa "kubwa" maradufu bila kuongezwa kitu. Hayo yote ni sawa kwa macho ya binadamu. Lakini nimekutana na skripti, si moja, zinazochukua maandishi ya `du -h` pande mbili na kuyalinganisha kama maneno. 3.1G ni sawa na 3.1G, endelea! Kati ya 3.1G moja na nyingine panaweza kutoshea fomu elfu moja.

Nami sijamaliza kuungama. Nilipokuwa natafuta zile fomu nilirudi kwenye upande wa Garissa, kwenye amri yangu ya tar, nikakuta nimeimalizia kwa `2>/dev/null`. Nilikuwa nimeuziba mdomo wake. Nilipouzibua ikaanza kusema. Tar huandika ukubwa wa kila faili mwanzoni, kabla ya yaliyomo, kwa hiyo imeshajifunga: imesema baiti elfu kumi, lazima itoe elfu kumi. Ikiwa mashine ya skani bado inaandika, faili inabadilika mkononi mwake. Ikirefuka, tar inachukua urefu ule wa kwanza, inakuonya kwamba faili ilibadilika wakati inasomwa, na inamaliza kwa namba 1 badala ya 0. Ikifupika, inajazia sifuri mpaka ahadi itimie, na inakuambia imejazia ngapi. Huo ndio uungwana ninaoutaka. Haiwezi kurekebisha hali, lakini inakiri. Sisi ndio tunaotupa kukiri kwake kwenye /dev/null ili barua pepe ya asubuhi iwe safi. Kwa wiki nyingi, fomu ya mwisho ya kila Alhamisi ilikuwa nusu fomu.

Haya, sasa wale wa "hali nadra".

Nadra wapi? Hapa faiba imefika mjini, lakini ukitoka mjini unategemea minara ya simu, na minara katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera imelipuliwa mara kadhaa na Al-Shabaab. Tuna kituo cha umeme wa jua cha megawati 54.6 kilichozinduliwa Desemba 2019, fahari yetu, na bado stima hupotea katikati ya kunakili. Faili iliyokatika njiani si tukio huku. Ni Jumanne.

Mtandao ukikataa kabisa tunaweka data kwenye flashi na kuipa basi, kilomita 370 hivi mpaka Nairobi. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili inayofika gigabaiti nne. Ukinakili faili kubwa zaidi, `cp` inalalamika na kuacha kipande. Kwa hiyo ukikuta faili yenye baiti 4,294,967,295 barabara, usifurahi. Hiyo ni maiti, na namba hiyo ndiyo cheti chake cha kifo. Kisha kuna flashi bandia zinazouzwa kando ya barabara, zilizoandikwa 64 nje na ndani zina 8. Hizo hazilalamiki hata kidogo. Zinapokea kila kitu, majina yote yapo, ukubwa wote upo, na data imeandikwa juu ya data nyingine au haikuandikwa popote. Hapo hata diski yenyewe inadanganya, na `ls` haina namna ya kujua. Dawa ni kuandika na kusoma tena, kama zinavyofanya f3write na f3read. Na ukishanakili, chomoa flashi kwa utaratibu, ichomeke tena, ndipo usome. Ukisoma papo hapo unasoma kumbukumbu ya kompyuta yako, siyo flashi.

Nairobi nako msijidanganye. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na nusu ya Afrika Mashariki ikaonja mtandao wa Garissa. Sikusikia mtu akisema ni hali nadra wiki ile.

Ninachokataa hasa ni hesabu ya gharama. Mwandishi wa programu akichagua njia ya mkato anaokoa sekunde, na anaziokoa kwake, kwenye mashine yake nzuri yenye diski ya kasi. Makosa ya njia hiyo hayamfikii yeye. Yanafika kwa mwenye mtandao unaokatika, mwenye diski kuukuu, mwenye flashi ya barabarani. Kwa hiyo kila tunaposema "kwa kawaida ukubwa unatosha", tuulizane ni kawaida ya nani.

Watu wa huku hili wanalielewa kuliko wahandisi wengi. Mwaka 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya 8 za kaskazini, zikiwemo za Mandera na Lagdera, na ubishi juu ya sensa ya 2019 nao ukafika Mahakama Kuu hapa Garissa. Siingii katika nani alikuwa na haki. Ila mzee yeyote anayekunywa chai pale stendi atakuambia kwamba namba iliyoandikwa kitabuni ni jambo moja na watu waliohesabiwa ni jambo lingine, na ukitaka kujua la pili inabidi utoke uhesabu.

Kwa wanaotaka kujua nimebadilisha nini: upande wa Garissa sasa unatengeneza alama ya sha256 mara tu furushi linapofungwa, na tar isipomaliza kwa 0 furushi halitumwi, mashine ya skani inasubiriwa. Upande wa Nairobi faili inashukia kwenye saraka inayoitwa `haijakaguliwa`. Haitoki humo mpaka amri hizi mbili zipite:

sha256sum -c furushi.sha256 || exit 1
gzip -t furushi.tar.gz || exit 1

Ndipo inahamishiwa kwenye saraka yake kwa `mv`, ndani ya mfumo uleule wa faili. Ukubwa bado naulinganisha, lakini kabla ya hayo yote, ili nikatae mapema. Programu ile ya kupakua tumeiacha, ni nzuri. Iliyotolewa ni skripti ya alfajiri.

Kukagua kunachukua kama dakika mbili kwenye mashine ya Garissa na chini ya hapo Nairobi. Mkuu wa shirika aliniuliza kwa nini kazi iliyokuwa ikisema SAWA papo hapo sasa inachelewa. Nilimweleza kuhusu Hulugho, hakuuliza tena.

Na furushi la hapa halifutwi siku hiyohiyo. Tulinunua diski ya nje, linakaa wiki mbili, mpaka mama wa rekodi afungue fomu tatu za kubahatisha kutoka nakala ya Nairobi na aone zina maandishi. Alhamisi iliyopita alizifungua, zote zikasomeka. Akaniambia moja imepigwa skani kichwa chini miguu juu. Hiyo bado sijaiwekea ukaguzi.